Kwa muuguzi mpya: tochi kwanza, leza baadaye

Ukipangwa wodi ya watoto wenye saratani, kile kimashine cha leza cha kumulika vidonda vya mdomoni utatamani kukishika siku hiyohiyo. Anza na tochi, uchungulie mdomo kwanza. Wiki yangu ya kwanza nilimmulika mtoto kwa leza siku mbili nikidhani ana vidonda, kumbe ni utando wa fangasi. Alihitaji dawa, mimi nampa mwanga.

Vidonda vinavyoletwa na dawa za saratani hujitokeza kama siku ya 5 hadi ya 10 baada ya dozi, hasa akipewa methotreksati nyingi au doksorubisini. Huanzia penye ngozi laini: ndani ya mashavu na midomo, chini na pembeni mwa ulimi. Kwa hiyo izoee ratiba ya dawa ya kila mtoto. Leza husaidia zaidi ikianza mapema, mdomo ukiwa bado mzima. Ukingoja mpaka akatae uji, umebaki kupunguza maumivu tu na kuharakisha kupona.

Mwanga wenyewe ni mwekundu, wa nanomita 630 hadi 660 hivi. Haukati, hauchomi. Seli huunyonya kwenye mitokondria, yaani vinu vyake vya nguvu, zikapata nguvu ya kujijenga. Usiongeze sekunde kwa huruma: ukizidisha dozi, faida hupungua. Usimulike palipo na uvimbe wa saratani. Miwani avae mtoto, uvae wewe, na mama aliyempakata pia. Huyo ndiye tunayemsahau. Ncha ivishe plastiki safi inayopitisha mwanga, ibadilishe kwa kila mtoto, maana kinga zao ziko chini mno.

Kazi kubwa ni kumshawishi afungue mdomo. Mtoto aliyechomwa sindano asubuhi haamini kitu chochote chenye ncha. Mimi huvaa miwani, nikajimulika kiganjani, kisha nikamwachia mwanasesere wake atangulie. Wengine hutaka kuhesabu sekunde wenyewe. Waache, hata wakiruka 7. Akigoma kabisa usimbane taya, rudi baadaye.

Na leza haifuti mofini, ile dawa kali ya maumivu. Kama daktari ameiandika, mpe kwa wakati, ndipo mswaki laini na kusukutua kutawezekana.

Kwenye faili usiandike "anaendelea vizuri". Andika kidonda kiko wapi, na alichomeza: maji vijiko vitatu, uji nusu kikombe. Wa zamu ya usiku ataanzia hapo.