Kabla hujayapima maji ya lengelenge

Mstari ule ulikuwa mnene, wa buluu iliyokolea, umekaa chini kabisa ya jeli, ile inayotenganisha protini kwa ukubwa, karibu na alama ya kilodaltoni 16 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini). Nilikuwa napima maji ya lengelenge la ngozi, na karibu wagonjwa wote walikuwa nao. Kwa watu wenye ngozi nzima haukuonekana hata kidogo. Usiku ule sikupata usingizi, nilikuwa nimeshaanza kuitungia makala yangu jina. Asubuhi nikamwonyesha msimamizi wangu, mama mmoja asiye na maneno mengi. Akaiinua jeli kwenye mwanga wa dirisha, kisha akauliza swali moja tu: "Sampuli zenyewe zilikuwa na rangi gani?"

Sikuwa nimeandika.

Tukafungua friza, tukayeyusha kidogo kilichobaki. Zilikuwa za waridi, nyingine nyekundu kama maji yaliyosuuzia nyama. Ugunduzi wangu ulikuwa himoglobini, ile protini nyekundu ya damu, ambayo minyororo yake ina uzito wa kilodaltoni 16 hivi kila mmoja. Wagonjwa wangu walikuwa na pumu ya ngozi. Walijikuna hadi wakachubuka, na kikombe cha kunyonya, kile tunachoinulia lengelenge, kilipokaa pale, vishipa vidogo vikavuja damu ndani ya lengelenge. Nami nikaimaliza kazi ya kuharibu: jioni ile umeme ulikuwa unakatika ovyo, nikaharakisha kutia vichupa kwenye friza bila kuvizungusha kwanza kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi ili chembe zitulie chini. Chembe nyekundu zikigandishwa hupasuka. Zikishapasuka, himoglobini imechanganyika na maji yako, na hata uzungushe mpaka kesho haitoki.

Ndiyo maana vijana wanaoanza kazi hii Kampala au Mbarara wakiniuliza ni mashine gani bora ya kusoma protini, mimi huwauliza kwanza jinsi wanavyoyatoa hayo maji.

Yenyewe ni yale majimaji yaliyo kati ya seli za ngozi. Damu huyachuja kupitia kuta za mishipa midogo, seli za ngozi nazo huongeza ya kwao, na hayo ya kwao ndiyo tunayoyatafuta. Njia yetu ni ya zamani: Kiistala na Mustakallio wa Finland waliieleza mwaka 1964. Unaweka kikombe chenye matundu juu ya ngozi, unawasha pampu ivute kwa nguvu ya milimita 200 hadi 300 za zebaki chini ya hewa ya kawaida, kisha unasubiri. Ngozi ya juu hubanduka taratibu kutoka ile ya ndani, na uwazi unaobaki hujaa maji. Saa moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Wazee hutoa lengelenge mapema kuliko vijana, na ngozi yenye joto hufanya haraka kuliko iliyopoa, kwa hiyo chumba chenye feni kali kitakuchelewesha. Lengelenge la upana wa milimita 8 hunipa mikrolita 50, nikibahatika 100. Hilo ni tone moja la chai, au mawili.

Mtu wangu wa kwanza asiyekuwa mgonjwa alikuwa mzee mmoja wa Kinubi kutoka Bombo. Alikaa kwenye kiti, kanzu ameikunja hadi kwenye kiwiko.

"Salaam alaikum, Haji."

"Wa alaikum salaam, mwanangu. Wewe ndiye daktari wa kunyonya?"

"Mimi si daktari, Haji. Mimi ni mtu wa maabara."

"Haya, nyonya. Lakini ngozi yangu unirudishie."

Nilimsomea fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, neno kwa neno, pamoja na pale palipoandikwa kwamba huenda pakabaki "alama ndogo ya muda". Baada ya wiki tatu akanipigia simu: "Mwanangu, mbona mmenishonea vifungo mkononi?" Vikombe vitano vilikuwa vimemwachia madoa matano meusi, ya mviringo, yamejipanga kama vifungo vya shati. Ngozi nyeusi ikiumia hujaza rangi pale ilipoumia, na doa huweza kukaa miezi mingi. Fomu nyingi zimeandikwa na watu ambao ngozi yao haifanyi hivyo kwa kiasi kile. Yako iandike upya: taja miezi, taja weusi, halafu uliza mtu anataka mahali gani. Wengi, hasa wanawake, watachagua paja au tumbo. Mimi siku hizi naonyesha mkono wangu mwenyewe. Nilijiwekea kikombe kabla sijamwekea mgonjwa mwingine, na nakushauri ufanye hivyo. Utajua panawasha wapi na kwa dakika ya ngapi mtu huanza kukuchukia.

Kuyatoa maji, tumia bomba la sindano, jembamba kama la insulini. Ingia kwa ubavuni, karibu na ukingo, ncha iwe inatazama juu, usiguse sakafu ya lengelenge. Sakafu ndiko kwenye mishipa. Tone likitoka, lishike mbele ya karatasi nyeupe na uandike rangi yake palepale. La kawaida ni manjano hafifu, kama chai ya tangawizi iliyotiwa maji mara mbili. La waridi nalipima kwanza kwa mwanga wa nanomita 414, ambao himoglobini huupenda sana kuufyonza, ndipo naamua. Jekundu silipimi, hata kama mwenyewe amesafiri na basi la usiku kutoka Arua. Zungusha, gawa kwenye vichupa vya mikrolita 20 visivyonasa protini (plastiki ya kawaida hunasa, na kwenye tone dogo hasara yake huonekana), halafu ndipo ugandishe kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Kichupa kimoja, kuyeyusha mara moja. Lebo iwe ya kuchapwa; spiriti hufuta wino wa kalamu, na kichupa kisicho na jina ni takataka.

Hesabu sasa, maana hapa ndipo watu hupoteza sampuli bure. Tuseme maji yako yana miligramu 30 za protini kwa mililita. Rangi ya Bradford, inayogeuka buluu ikishika protini na tunayoisoma kwenye nanomita 595, hufanya kazi vizuri chini ya miligramu 1 hivi kwa mililita. Kwa hiyo punguza makali mara 50: mikrolita 2 za sampuli kwenye 98 za bafa, yale maji ya kuzimulia sampuli. Ukiweka sampuli ghafi utapata buluu tele na namba isiyo na maana. Kwa jeli unataka maikrogramu 20 kwa kila njia, yaani kila mfereji wa jeli unaobeba sampuli moja; yaani mikrolita 0.67 ya maji ghafi. Hakuna mkono wa binadamu unaopima 0.67 kwa uaminifu. Punguza mara kumi, uweke 6.7.

Halafu damu. Chukua damu ya mtu yuleyule, siku ileile, bila kukosa. Ngozi iliyovimba huvujisha kutoka kwenye mishipa, kwa hiyo karibu kila protini itapanda na utadhani umepata dhahabu. Mimi hutazama albumini kwanza, kilodaltoni 66, ndiyo iliyojaa humo kuliko zote: ya kwenye ngozi nagawa kwa ya kwenye damu. Protini yako nayo ifanyie vivyo hivyo. Ikiwa uwiano wake umeipita albumini kwa mbali, huenda ngozi ndiyo inayoitengeneza. Nasema huenda, kwa sababu protini ndogo hupenya ukuta wa mshipa kwa urahisi kuliko kubwa. Linganisha na yenye uzito wa karibu. Na kama unapima kazi ya vimeng'enya vinavyokata kolajeni, protini inayoishikilia ngozi, hiyo damu usiitie kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Dawa iliyomo humo, EDTA, hunyakua kalisi na zinki, na vimeng'enya hivyo bila zinki havifanyi kitu. Tumia ya kijani yenye heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande.

Jambo jingine dogo lililonigharimu mwezi mzima: kule kunyonya kwenyewe ni jeraha. Ngozi iliyojeruhiwa hutoa interlukini 6 na 8, protini zinazoashiria uvimbe, na kadiri saa zinavyopita ndivyo zinavyoongezeka. Huyu ukimtoa baada ya saa mbili na yule baada ya saa tano, tofauti utakayoiona ni ya saa ya ukutani. Andika muda wa kuwasha pampu na muda wa kutoa.

Kupeleka sampuli nje ya nchi kwa ajili ya mashine kubwa za kusoma protini ni habari ndefu: kamati ya maadili, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, mkataba wa kuhamisha sampuli. Anza mapema, mapema kuliko unavyofikiri. Barafu kavu haingoji saini ya mtu. Usipeleke vichupa vyote, nusu ibaki nyumbani. Na Ijumaa mimi sichukui sampuli kabisa, kwa sababu Jumamosi hakuna wa kuitazama jenereta.

Haji tunaonana bado, kwenye harusi za Bombo. Akiniona hukunja mkono wa kanzu na kunionyesha: vitatu vimeshakatika, bado viwili.