Barua kwa mwanangu: kabla ya kulipia tangazo

Kongwa

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma pamoja na mama yako. Unauliza kama utoe shilingi 600,000 katika akiba yako ya kikoba umlipe yule kijana wa Dodoma mjini, ambaye ameahidi kuitangaza siagi yako ya karanga Facebook na Instagram kwa miezi miwili. Jibu langu ni kwamba usizitoe sasa. Tangazo la mtandaoni lina kazi yake na siku yake itafika, lakini kwa maelezo uliyonipa mwenyewe, wateja watakaoletwa na tangazo hilo hutaweza kuwahudumia, na ukiwahudumia utapata hasara.

Tuanze na hesabu, kwa sababu humo ndimo nilimokaa muda mrefu zaidi. Umeandika kwamba chupa ya gramu 400 unaiuza shilingi 6,000 na unabaki na faida ya 2,500. Nimepitia orodha yako ya gharama nikaona karanga, chupa, lebo, mkaa na malipo ya kusagisha. Sikuona karanga zinazopungua pale unapochambua mbovu, kukaanga na kupeta maganda, ingawa kwa makadirio yangu upungufu huo peke yake unakula shilingi 400 katika kila chupa. Sikuona pia ujira wa binti anayekusaidia kuchambua, ambao ukigawanywa kwa chupa unafika 400 nyingine, wala nauli ya bodaboda ya 500 ambayo umekuwa ukiilipa mfukoni mwako ili mteja asinung'unike. Ukiyatoa yote hayo unabaki na 1,200, na hapo wewe mwenyewe hujajilipa hata senti kwa kukesha jikoni.

Sasa chukua hiyo 600,000 uigawe kwa 1,200. Unahitaji kuuza chupa 500 ili tu kurudisha fedha ya tangazo, kabla ya kuona faida yoyote. Uwezo wako kwa wiki ni chupa 40, kwa kuwa unategemea mashine ya kusagia ya mwenzako ambayo hupewi mpaka amalize kazi zake, kwa hiyo katika miezi miwili utatengeneza kama 350. Tena hizo 40 za kila wiki zina wenyewe tayari: walimu wa shule ya jirani, wenzako wa kanisani na yule mama mwenye duka. Tangazo likifanikiwa, mgeni wa kwanza atapata chupa iliyokuwa ya mwalimu, na wa ishirini ataambiwa asubiri wiki mbili. Mtu aliyeiona bidhaa yako simuni asubuhi hasubiri wiki mbili.

Sisi wa Kongwa tusingepaswa kufundishwa na mtu wa nje jambo hili la kutoa fedha nyingi kabla ya kupima. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa matrekta na mamilioni ya pauni ili walime karanga kwenye mashamba makubwa, bila kuupima vya kutosha udongo wetu unaokakamaa wakati wa kiangazi wala mvua zetu haba, na kufikia 1951 mpango ulifutwa kwa hasara ya takriban pauni milioni 36. Yako ni 600,000, lakini ndiyo yote uliyo nayo.

Jambo la pili ni karanga zenyewe. Unajua kwamba mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, na karanga hushikwa na kuvu hiyo hiyo zikivunwa vibaya au zikihifadhiwa na unyevu. Wapo wachuuzi wanaozilowanisha ili zipate uzito kwenye mizani. Mteja wa jirani anakuamini kwa sababu anakufahamu, lakini mgeni wa mtandaoni hana cha kutegemea zaidi ya lebo, nayo lebo yako haina tarehe ya kutengenezwa wala ya mwisho wa matumizi. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, uwaeleze unachotengeneza, nao watakuelekeza na kukupa barua ya utambulisho kwenda TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia pia usalama wa chakula. Jina la biashara lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na TIN, yaani namba ya mlipakodi, uichukue TRA. Hayo yatakuchukua muda na safari za ofisini, nami naona ni heri uhangaike nayo sasa kuliko kumjibu mtu anayekuuliza hadharani, chini ya tangazo ulilolilipia, alama ya ubora iko wapi.

Madogo nayapitia haraka. Chukua Lipa Namba ya biashara, ile ya kupokelea malipo kwa simu, ili fedha ya siagi isichanganyike na ya nyumbani. Fungua akaunti ya WhatsApp ya biashara, ambayo ni bure, uweke humo picha zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana pamoja na bei. Hii tabia ya kuficha bei na kumwambia mteja akufuate faraghani sijui mmeitoa wapi, maana dukani kwangu mtu akikosa bei anaondoka. Kila anayenunua muulize alikusikia kwa nani, uandike daftarini.

Ukishapata njia ya kutoa hata chupa 100 kwa wiki, anza na tangazo la shilingi 30,000, liwafikie watu wa Dodoma mjini peke yao, kwa bidhaa hiyo moja na namba moja ya simu, kisha uhesabu walionunua, kwa kuwa waliopenda picha hawakulipi chochote. Kama kijana huyo ataendelea kukusaidia, ukurasa na akaunti ya matangazo vifunguliwe kwa jina lako na barua pepe yako, naye apewe ruhusa ya kufanya kazi tu. Mkiachana wakati kila kitu ni chake, ataondoka na wateja wako wote.

Kuhusu hiyo 600,000, mavuno ya karanga yanakaribia na bei hushuka mara tu mashamba yanapovunwa. Ningependa sehemu kubwa ya fedha hiyo inunue karanga kavu moja kwa moja kwa wakulima wa huku, nami nitakuwepo wakati wa kupima. Zihifadhi kwenye magunia safi juu ya chaga, zisiguse sakafu. Kinachobaki kiweke kuelekea mashine yako mwenyewe ya kusagia. Niandikie mapema ni magunia mangapi chumba chako kinaweza kupokea, ili nianze kuongea na wakulima kabla madalali hawajafika.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako.