Maswali ya wasomaji: Pointi 69 za Azam, pointi 69 za Simba

Msimu wa 2023/24 umekwisha, Yanga wamebeba ubingwa wa 30 kwa pointi 80, lakini maswali bado yanamiminika. Mengi yanazunguka jambo moja: timu zikilingana, nani anapita na kwa hesabu gani? Tumechagua matano.

SWALI: Azam na Simba wote walimaliza Ligi Kuu na pointi 69. Mwezi Mei Simba alimfunga Azam 3-0. Iweje Azam akae wa pili na kwenda Ligi ya Mabingwa Afrika? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kwa sababu kwenye Ligi Kuu pointi zikilingana hatuangalii kwanza nani alimfunga nani. Tunaangalia tofauti ya mabao ya msimu mzima: chukua mabao yote uliyofunga katika mechi 30, toa yote uliyofungwa. Azam walikuwa na tofauti kubwa zaidi. Siku ya mwisho timu zote mbili zilishinda, kwa hiyo hakuna aliyemshusha mwenzake.

Kama ingekuwa hesabu ya wao kwa wao, unayoifikiria wewe, Simba ndiye angekuwa wa pili. Februari 9 pale CCM Kirumba, Mwanza, walitoka 1-1. Mei 9 Simba akashinda 3-0. Hizo ni pointi nne kwa moja, wala hapana ubishi.

Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji waitazame upya dabi ya Novemba 5, 2023, ile Yanga waliyowafunga Simba 5-1. Kwenye safu ya pointi, kufungwa 5-1 na kufungwa 1-0 ni kitu kimoja: umekosa tatu. Kwenye tofauti ya mabao, Simba walipoteza manne kwa dakika 90. Timu iliyo nyuma 3-1 ikipandisha mabeki wote kusaka la pili, inaacha uwanja mtupu nyuma, na bao la nne na la tano huja kwa njia hiyo hiyo: mpira mmoja mrefu, mshambuliaji na kipa wanatazamana. Jukwaani tunamzomea kocha anayefunga mlango akiwa tayari anapoteza. Katika ligi inayoamuliwa kwa tofauti ya mabao, mara nyingi kocha huyo yuko sahihi.

SWALI: Mbona basi CAF, shirikisho la soka Afrika, walihesabu kwa njia nyingine? Yanga na CR Belouizdad walilingana, Simba na Wydad wakalingana, na tukaambiwa mapema kwamba Yanga wameshapita. (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa inaanza na mechi za wao kwa wao. Mpangilio ni huu: kwanza pointi katika mechi walizokutana wawili hao, zikilingana, tofauti ya mabao katika mechi hizo hizo, kisha mabao ya kufunga humo humo, halafu yale ya ugenini. Zote zikigoma ndipo mnarudi kwenye mechi zote za kundi.

Chukua kalamu tuifanye ya Yanga. Novemba walifungwa 3-0 Algeria. Februari 24, 2024, kwa Mkapa (Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam), wakashinda 4-0. Kila mmoja kashinda mara moja, pointi tatu kwa tatu. Mabao: Yanga manne, Belouizdad matatu. Yanga juu, kwa bao moja tu. Bao hilo ni la Joseph Guede, la nne, lililofungwa dakika za mwisho wakati baadhi ya watu walishaanza kushangilia 3-0. Lingekosekana, hesabu ya wao kwa wao ingekuwa sare kabisa na Yanga wangekwenda Cairo kucheza na Al Ahly huku tiketi ikiwa bado inaning'inia. Kweli walifungwa 1-0 kule, Belouizdad wakashinda mechi yao ya mwisho na wote wakamaliza na pointi nane. Haikuwadhuru.

Ya Simba ni nyepesi. Walifungwa 1-0 na Wydad Morocco, wakashinda 2-0 Dar es Salaam kwa mabao ya Willy Onana. Wote walimaliza na tisa, lakini 2-1 kwa jumla ni ya Simba. Yale sita waliyowafunga Jwaneng Galaxy Machi 2 yalikuwa matamu, ila kilichohitajika siku ile ni pointi tatu, si wingi wa mabao.

Kwa hiyo mnapokwenda uwanjani, jueni mnachokihesabu. Kwenye ligi kila bao, hata dhidi ya timu ya mkiani, linawekwa benki. Kwenye makundi ya CAF, bao dhidi ya mpinzani wa karibu ndilo lenye thamani ya kwanza.

SWALI: Goli la ugenini, ile kanuni kwamba jumla zikilingana anapita aliyefunga mengi ugenini, lipo au lilifutwa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ulaya, UEFA walilifuta. Kwetu msimu ule lilikuwepo. Oktoba 2023, kwenye michuano mipya ya African Football League, Simba walitoka 2-2 na Al Ahly nyumbani na 1-1 Cairo. Jumla 3-3, Al Ahly wakapita kwa sababu walifunga mawili Dar es Salaam na Simba moja kule. Robo fainali ya Yanga na Mamelodi Sundowns ilikuwa hivyo hivyo: baada ya 0-0 kwa Mkapa, sare yoyote yenye mabao Pretoria ingewavusha Yanga. Ndiyo maana lile shuti la Aziz Ki, lililogonga mtambaa panya na kudunda chini, liliuma mno. Mwamuzi hakulihesabu, mechi ikaisha 0-0. Robo fainali haina dakika 30 za nyongeza, huenda moja kwa moja kwenye matuta (mikwaju ya penalti), na Sundowns wakashinda 3-2.

SWALI: Taifa Stars na Zambia walipata pointi mbili mbili AFCON ya Côte d'Ivoire, tena wao kwa wao walitoka sare. Kwa nini sisi ndio tulishika mkia? Na tulikuwa mbali kiasi gani na kufuzu? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Mkia ulitokana na mechi ya kwanza. Dhidi ya Morocco, Januari 17, Stars walikuwa nyuma bao moja tu hadi Novatus Miroshi alipotolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 70. Baada ya hapo yakaingia mawili ya haraka, ikawa 3-0. Sare ya 1-1 na Zambia ilifuta hesabu ya wao kwa wao, ikabaki tofauti ya mabao ya kundi: Zambia hasi moja, sisi hasi tatu.

Kuhusu umbali, andika hivi. Msuva alifunga dakika ya 11 dhidi ya Zambia. Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko. Daka akasawazisha kwa kichwa dakika ya 88. Bila kichwa kile, Stars wangekuwa na tatu, na ile 0-0 na Kongo ingewafikisha nne. Kongo walimaliza wa pili kwa pointi tatu tu. Dakika mbili na za nyongeza, huo ndio umbali. Kumbuka pia kwamba wenyeji wenyewe walivuka makundi kwa pointi tatu na tofauti ya hasi tatu, kisha wakabeba kombe.

SWALI: Nani hushuka daraja moja kwa moja na nani hucheza mchujo? Na Coastal Union walipataje nafasi ya CAF? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Wa 15 na wa 16 hushuka bila mjadala; safari hii ni Geita Gold na Mtibwa Sugar. Wa 13 na wa 14 hukutana nyumbani na ugenini. Anayeshinda anabaki. Anayeshindwa hapewi rambirambi bado: anacheza tena, mechi mbili, na timu iliyoshinda mchujo wa Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. JKT Tanzania waliwatoa Tabora United, kisha Tabora wakaokoka kwa kuwatoa Biashara United ya Mara. Ken Gold na Pamba Jiji walipanda moja kwa moja.

Coastal walikuwa wa nne. Nchi 12 za juu kwa pointi za CAF hupeleka timu nne, na Tanzania imo: kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ni pointi tatu kwa kila timu, na za msimu wa karibuni huzidishwa mara tano, hivyo Simba na Yanga pekee waliingiza 30. Yanga walichukua ligi, na Juni 2 wakachukua pia Kombe la Shirikisho la hapa nchini kwa matuta 6-5 dhidi ya Azam pale New Amaan. Wafainali wote walishakuwa na tiketi za Ligi ya Mabingwa, kwa hiyo Kombe la Shirikisho Afrika likaenda kwa wa tatu na wa nne: Simba na Coastal, Wagosi wa Kaya.