Programu imetia alama saba kwenye CT ya kifua: tuamini zipi?

SWALI: Mimi ni mtaalamu wa mionzi, Tabora. Tumeletewa kwa majaribio programu ya akili unde inayosaka vinundu (vivimbe vidogo vya pafuni) kwenye CT ya kifua, yaani picha za mionzi zinazoonyesha mwili vipande vipande. Kwa mzee mmoja, mkulima wa tumbaku wa Urambo aliyewahi kutibiwa kifua kikuu, imetia alama saba, na kinundu kimoja cha mm 8 imekipa hatari kubwa ya saratani. Tafiti zinaipa usahihi unaozidi asilimia 90. Nimshauri nini daktari?

JIBU: Ndugu yangu, programu hiyo ina kazi mbili, kuona kinundu na kukihukumu, na hazistahili imani sawa.

Katika kuona, utafiti umefika mbali. Modeli nyingi hupimwa kwa LUNA16, mkusanyo wa picha 888 zenye vinundu 1,186, uliochujwa kutoka LIDC-IDRI, hazina ya CT za mapafu ya Marekani. Humo unyeti, yaani sehemu ya vinundu vya kweli vilivyonaswa, husomwa sambamba na alama za uongo kwa kila picha, kuanzia 1/8 hadi 8. Basi ukitajiwa asilimia 95, uliza papo hapo: kwa alama ngapi za uongo? Zikiwa nane kwa kila mgonjwa, msomaji atachoka na kupuuza hata ya kweli. Alama saba za mzee wako zipitie moja moja, slaisi (vipande vya picha) za juu na za chini yake. Inayorefuka kama mrija ni mshipa wa damu. Makovu ya ncha ya pafu nayo hunaswa sana.

Kagua pia unene wa slaisi. LUNA16 iliacha nje picha zote zinazozidi mm 2.5. Ukiilisha programu ule mfululizo wa mm 5, kinundu cha mm 4 hufifia kwa kuchanganyika na hewa inayokizunguka. Ipe mm 1 hadi 1.5, mgonjwa akiwa amevuta pumzi na kuishikilia.

Hukumu ya saratani ndiyo ya kutilia shaka. Katika LIDC-IDRI, "ukweli" ni macho ya wataalamu wanne wa radiolojia; vinundu vingi havikuchukuliwa kinyama, yaani kipande cha kupima maabara. Modeli zilizofunzwa kwa majibu halisi ya saratani, kama ile ya Google ya 2019 na Sybil ya 2023, ziliegemea sana picha za NLST, utafiti wa Marekani wa kuchunguza saratani ya mapafu: Wamarekani wa miaka 55 hadi 74, wavutaji wa sigara au waliowahi kuvuta. Kifua kikuu huko ni nadra. Kinundu chake huweza kukaa sehemu ya juu ya pafu na kuwa na kingo zenye miiba, dalili zilezile zinazopandisha kiwango cha hatari ya saratani. (Na kulima tumbaku si kuivuta, fomu iandike anavuta kiasi gani, miaka mingapi.)

Kwa mzee huyu, tafuteni kwanza picha za zamani. Chokaa iliyojaa kinundu kizima huashiria kovu la siku nyingi. Makohozi yapimwe na yaoteshwe maabara pia, maana kwa aliyetibiwa karibuni GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya vimelea, huweza kunasa mabaki ya vimelea waliokufa. Kama kinundu ni kimoja tu na ni kigumu (kimejaa, si cha ukungu pichani), na mzee hana saratani nyingine wala upungufu wa kinga, mwongozo wa 2017 wa Fleischner, jumuiya ya wataalamu wa picha za kifua, unasema cha mm 6 hadi 8 kirudiwe CT baada ya miezi 6 hadi 12.

Marudio hayo ndiko utafiti unakoelekea, na ndiko ningeitumia programu yenu zaidi. Kinundu kikitoka mm 8 hadi 10, jicho huona mm 2 tu. Ujazo umetoka mm za ujazo 268 hadi 524, karibu mara mbili. Kikijirudufu chini ya siku 400, kinatia shaka. Lakini tumieni programu ileile na unene uleule wa slaisi, la sivyo mtapima tofauti ya mashine.

Kabla ya kuipokea moja kwa moja, kusanyeni CT za zamani ambazo majibu yake yanajulikana: saratani iliyothibitishwa kwa kinyama, kifua kikuu, na mapafu safi. Daktari asome kwanza bila kuona alama za programu. Kisha hesabuni ilivyokosa na alama za uongo, kundi la kifua kikuu likiwa peke yake.