Mvua za Kwanza Ndizo za Kuogopa

Nilipohamia kijiji kimoja kando ya Mto Kilombero, si mbali na Ifakara, nilidhani maji mabaya ni ya masika, bonde linapofurika. Kilichotuangusha ni mvua za mwanzo. Zilinyesha mwishoni mwa Novemba, mara tatu tu, mto wala haujapanda. Siku ya nne mwanangu akaanza kuharisha.

"Mvua ya kwanza inafagia, baba," aliniambia mama mwenye nyumba. Vinyesi na takataka zote zilizokaa ukingoni kiangazi kizima huingia mtoni kwa mkupuo, na maji bado ni machache. Tangu hapo, mawingu yakianza kukusanyika upande wa Udzungwa najaza mapipa mapema. Mvua ikishaosha bati vizuri, nakinga ya paa na kuuacha mto kwanza.

Masika adha ni tope. Usikimbilie kutia dawa ya klorini kwenye maji ya tope, maana uchafu huimaliza nguvu. Mimi natumia mlonge: namenya mbegu zilizokauka, nazitwanga laini, nazikoroga kwenye kikombe cha maji safi, nachuja, namimina ndooni na kuendelea kukoroga polepole kama dakika kumi. Asubuhi tope limelala chini zito kama uji. Nateka ya juu kwa kata bila kuitikisa ndoo, nayapitisha kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo nachemsha. Mlonge si mbadala wa kuchemsha, jamani; mlonge unaondoa tope tu.

Kiangazi mto hushuka, maji yakawa maangavu hadi unahesabu kokoto, na hapo ndipo wengi huacha kuchemsha. Tafadhali msiache. Isitoshe, vidimbwi vya pembeni vilivyotulia vina konokono wa kichocho. Vijidudu humtoka zaidi jua likiwa kali, kati ya saa nne na saa nane mchana, vikaingia mwilini kupitia ngozi, kwa hiyo watoto wasiogelee humo. Maji ya kuoga nayalaza siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko. Vijidudu hivyo hufa vikikosa mtu wa kumwingia.

Na mamba nao hubanana kwenye vina vilivyobaki. Nenda na mwenzako, fungeni ndoo kamba ndefu, mvute mkiwa juu ya ukingo. Msiingize miguu majini.