Prosesa za Intel: Core i7-2600 au Xeon E5-2670?

Kwa gemu na kazi za kila siku chukua i7-2600. Kwa kurenda video (kuitoa kama faili la mwisho baada ya kuihariri) au kuendesha mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta moja) kadhaa kwa mpigo, Xeon E5-2670 inaiacha mbali. Zote ni za ukoo mmoja, Sandy Bridge (i7 ilitoka 2011, Xeon 2012), kwa hiyo ukilinganisha kiini (sehemu ya prosesa inayofanya kazi yenyewe) kwa kiini, kinachoamua hasa ni kasi: i7 inaanzia GHz 3.4 na kupanda hadi 3.8, Xeon inaanzia 2.6 na kuishia 3.3. Ila Xeon ina viini 8 na nyuzi 16 (mikondo ya kazi inayoendeshwa kwa mpigo), mara mbili ya mwenzake, na kache (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 20 dhidi ya 8. Shida ni kwamba programu nyingi za kawaida hazina kazi ya kuvipa viini vyote hivyo.

Angalia soketi (kikalio cha prosesa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta) kabla hujanunua. i7 inakaa LGA 1155, Xeon LGA 2011, yaani mazabodi nyingine kabisa. Halafu Xeon hiyo haina grafiki za ndani; bila kadi ya picha utabaki na skrini nyeusi.