Mstari wa Baba, Kona ya Jirani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, umewahi kubishana na rafiki juu ya siasa na urafiki ukabaki salama? Ni nini kiliuokoa?" Sehemu ya kwanza naijibu kwa neno moja: ndiyo. Ya pili imenikosesha usingizi. Najua wengi watawaandikia kuwa kilichookoa ni heshima na uvumilivu, nami jibu hilo siliamini. Niruhusuni nieleze kwa nini.

Tangu 2011 naishi Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, Marekani. Nahudumia wazee, zamu ya usiku. Nyumba inayopakana na yangu wanakaa mwalimu mstaafu wa historia na mkewe. Mimi humwita Mzee, na siku alipojua uzito wa neno hilo kwetu Kenya alifurahi sana, tangu hapo hataki nimwite kwa jina lake. Huyu ndiye ninayebishana naye, mwaka wa kumi sasa, juu ya jambo moja tu: je, ni haki mtu apige kura huku anatazamwa?

Hapa Iowa kuna desturi inayoitwa kokasi. Kuanzia 1972 chama cha Democratic kilikuwa kikianzia hapa mchujo wake wa wagombea urais, na mchujo wenyewe haukuwa wa karatasi na sanduku. Usiku mmoja wa majira ya baridi, saa moja jioni, watu wa mtaa mmoja walikutana katika ukumbi wa shule, kanisa au maktaba. Kila mgombea alikuwa na kona yake. Ulitembea kwa miguu yako mwenyewe hadi kwenye kona ya uliyemtaka, mbele ya daktari wako, mbele ya mwalimu wa mtoto wako, mbele ya mtu unayemdai na anayekudai. Mlihesabiwa. Kwa kawaida kona isiyofikisha asilimia 15 ya waliohudhuria ilivunjika, na hapo ndipo ukumbi ulipochangamka, maana kona kubwa zilituma watu kuwabembeleza wale waliobaki bila mgombea. Usiku huohuo mambo kama hayo yalitendeka katika mitaa zaidi ya 1,600, kwenye kaunti zote 99.

Tarehe 1 Februari 2016 Mzee alinichukua nikaone. Sikuwa raia bado, nikakaa kwenye viti vya watazamaji. Mzee na mkewe waliingia pamoja, wakatundika makoti yao kwenye msumari mmoja, kisha yeye akaenda kona ya Bernie Sanders na mkewe akaenda ya Hillary Clinton. Jimbo zima siku hiyo lilikaribia kugawanyika katikati, Clinton akapita kwa asilimia 49.8 dhidi ya 49.6, na kuna mitaa ambako mjumbe wa mwisho wa kwenda mkutano wa chama aliamuliwa kwa kurusha sarafu. Tulipotoka, Mzee alisafisha theluji kwenye kioo cha gari upande wa mkewe kwanza. Njiani akaniuliza, kwa furaha ya mtu aliyekuonyesha shamba lake: "Umeonaje?"

Nikamwambia nimeogopa.

Alidhani natania. Basi nikamsimulia habari ya mlolongo.

Februari 1988 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. KANU, chama pekee kilichoruhusiwa, kilikuwa kimeamua kwamba wagombea ubunge wateuliwe kwa foleni. Wenye kadi za chama waliitwa uwanjani, mawakala wakasimama na picha za wagombea, na kila mtu akajipanga nyuma ya picha aliyoitaka. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, na wananchi wa eneo lake hawakuona karatasi ya kura kwenye uchaguzi mkuu wa mwezi wa Machi. Mimi nilikuwa uwanjani nauza njugu kwenye vikombe vya bati. Baba alikuwa na duka dogo la rejareja. Kila jioni, taa ikishawashwa, alikuwa akimsifu mgombea mmoja hadi mama anamwambia apunguze sauti, na mstari wa mgombea yule asubuhi hiyo ulizunguka goli na kurudi. Chifu alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya mti, karani pembeni yake na daftari. Leseni ya duka ilipitia kwa wakubwa, na wakubwa walikuwa na mtu wao.

Baba alisimama kwenye mstari mfupi.

Nilipita mbele yake na sinia langu. Alikuwa akitazama viatu vyake. Sikumwita na yeye hakuniita. Baadaye tukatangaziwa kwamba mstari mfupi ndio ulioshinda. Nyumbani hakuna aliyelitaja jambo lile, na kwa muda mrefu baba hakuzungumza siasa tena jioni.

Mzee alisikiliza yote bila kunikatiza. Kisha akanibishia, na namshukuru kwa hilo, kwa sababu angenionea huruma tu mazungumzo yangeishia pale. Alisema kosa halikuwa la foleni, lilikuwa la chifu. Ukiondoa chifu, alisema, kusimama hadharani kunamfundisha mtu kuubeba msimamo wake na kumtazama machoni anayempinga. Kwa maneno akanipeleka hadi jimbo la Vermont, ambako kila mwezi wa Machi watu wa miji midogo hukutana kwenye ukumbi na kupitisha bajeti yao, mara nyingi kwa sauti au kwa kunyoosha mikono. Nami nikamwuliza: chifu unamwondoaje? Kwa cheti gani unathibitisha kwamba ndani ya ukumbi huu hakuna mtu aliyeshika leseni ya mwenzake?

Tumeendelea hivyo. Tunabishana juu ya uzio, na akiwa na kahawa tunabishana kibarazani kwake. Mwaka mmoja alinishika pabaya. "Mwaka 2007 Kenya mlipiga kura ya siri," alisema, "na ni nini kilichotokea?" Nilinyamaza kwa muda, kwa sababu Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi ule, kuna watu wa kwetu waliozikwa. Nilipopata sauti nikamwambia kwamba 2007 hatukuharibikiwa kwenye kibanda cha kupigia kura. Tuliharibikiwa kwenye hesabu, kiasi kwamba tume ya Jaji Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi huo, ilisema haiwezekani kujua nani hasa alishinda. Siri iwe ya anayepiga, lakini hesabu ianikwe juani. Uchaguzi wa 2022 tume yetu ya uchaguzi iliweka fomu za 34A, yaani za matokeo ya vituo vya kupigia kura, kwenye tovuti, na mtu yeyote mwenye simu na subira angeweza kujumlisha mwenyewe. Hilo lilimgusa Mzee. Aliniomba nimwonyeshe, tukakaa mezani kwake tukifungua fomu za kaunti ambazo hajawahi kuzisikia, anasoma majina ya shule za msingi polepole kama mtu anayesoma ramani.

Lazima niseme pia kwamba silaha kubwa kuliko zote dhidi yake alinipa mwenyewe. Alinieleza kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ya kumi na tisa Wamarekani nao walipiga kura wakionekana. Vyama vilichapisha karatasi zao vyenyewe, mara nyingi za rangi tofauti, na mwenye kiwanda aliweza kusimama kando ya sanduku akaona mfanyakazi wake ameshika rangi gani. Karatasi moja ya serikali yenye majina yote, ya kutiwa alama faraghani, waliiiga kutoka Australia, na Massachusetts ilipitisha sheria yake ya kuitumia jimbo zima mwaka 1888. Nilihesabu kwa vidole palepale. Miaka mia moja kamili kabla ya baba kusimama nyuma ya ile picha. Angekuwa mtu wa kutafuta ushindi asingeniambia habari hiyo. Aliniambia kwa sababu ni kweli, na kwa sababu alikuwa mwalimu.

Sasa nije kwenye swali lenu, kilichouokoa urafiki. Mimi na Mzee tunaweza kubishana kwa sababu hakuna kati yetu anayeweza kumfanya mwenzake kitu. Hanilipi mshahara. Nyumba yangu si yake. Makaratasi yangu ya uhamiaji hayakupitia mezani kwake. Nikimwambia amekosea, hasara kubwa ninayoweza kupata ni kunywa kahawa yangu peke yangu. Kazini nina mkubwa anayependa kueleza siasa zake tukiwa kwenye chumba cha mapumziko, na ni mtu mpole, anasema tafadhali na asante kuliko Mzee. Naye sijabishana hata siku moja. Huwa naitikia tu, natazama viatu vyangu. Heshima baina yetu ipo tele. Ila ratiba ya zamu zangu iko mkononi mwake, na wanangu wanakula kwa zamu hizo.

Ndiyo maana sipendi watu wanaposema Wamarekani wa leo wamepoteza adabu ya kubishana, wakajifunze adabu. Kwanza niulize nani anamdai nani. Baba yangu na chifu walikuwa na adabu kubwa mno, walisalimiana kwa mikono miwili.

Nilipokuwa raia, nilikwenda kokasi ya tarehe 3 Februari 2020 kwa miguu yangu. Wenzangu kadhaa kazini, Wakongo tunaozungumza nao Kiswahili, walikuwa zamu ya jioni, wakakosa. Dada mmoja wa Bukavu ambaye hakuwa zamu aliniambia hata angelipwa asingesimama mbele ya watu kuonyesha anamtaka nani, na sikuhitaji kumwuliza sababu. Mimi nilisimama. Goti lilinitetemeka kweli, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu. Kona yetu ilikuwa ndogo, haikufika asilimia 15, ikavunjika. Mgombea wangu simtaji. Mzee alikuwa ng'ambo ya ukumbi kwenye kona iliyojaa, akanipungia mkono niende kwao, anatabasamu. Nilimtazama machoni, kama alivyonifundisha, nikaenda kona nyingine.

Kesho yake niliporudi kutoka kazini nilikuta theluji yote ya mlangoni kwangu imeshaondolewa, na koleo lake limeegemezwa kwenye uzio.

Matokeo ya usiku ule nchi nzima iliyasubiri kwa siku kadhaa, kwa sababu programu ya simu ya kutuma hesabu iligoma. Hapo Mzee alikosa raha kabisa. Watu wote tulihesabiana kwa macho, alisema, na bado hesabu imepotea njiani. Sikumcheka. Aliipenda kokasi kama watu wanavyoipenda ngoma ya kijijini kwao.

Chama cha Democratic kiliacha kona hizo. Mwaka 2024 wanachama wa Iowa walituma kadi kwa posta, matokeo yakatangazwa tarehe 5 Machi. Warepublican waliendelea kukutana, tarehe 15 Januari, kwenye baridi ya kuvunja mifupa, lakini kwao ndivyo ilivyo tangu zamani: jirani anasimama anamtetea mgombea wake kwa dakika chache, kisha kila mtu anaandika jina kwenye karatasi na kuikunja. Mimi siko upande wao kisiasa. Kwa utaratibu huo, hata hivyo, naona wametupita: mdomo uwe wazi, karatasi ifungwe. Mzee hakubali. Anasema mwenye kuandika kwa kujificha hatajua kamwe kama angethubutu.

Msimu wa baridi uliopita aliniambia jambo ambalo miaka yote hakuwa amelisema. Kokasi yake ya kwanza, akiwa mwalimu kijana katika mji mdogo, mwalimu mkuu wake alikuwa ndani ya ukumbi. Akaenda kona ya mwalimu mkuu. "Lakini miaka minne baadaye," akasema, "nilisimama nilipotaka mwenyewe." Kwake hiyo ni hoja ya kuitetea kokasi, kwamba ilimkomaza. Kwangu ni hoja ya kuizika, kwa sababu ile kura ya kwanza hakuna aliyemrudishia. Tulibishana hadi mkewe akazima taa ya kibarazani.

Nilimsimulia basi mwisho wa habari ya baba. Mwaka 1990 kamati ya KANU iliyoongozwa na George Saitoti, makamu wa rais, ilizunguka nchi kusikiliza wananchi, na malalamiko juu ya foleni yakawa mengi kiasi kwamba KANU ikaiacha. Tarehe 29 Desemba 1992 tulipiga kura ya siri, vyama vingi. Baba alivaa koti lake la kanisani. Alirudi jioni, akakaa kwenye kiti chake, akawasha taa mwenyewe. Mama akamwuliza amempigia nani. Akasema, "Kura ni siri," akacheka, akarudia tena, "Kura ni siri, mama," na usiku ule alizungumza siasa hadi tukasinzia.

Mzee aliniuliza: "Na alimpigia nani?"

Baba alifariki 2004. Sijui mpaka leo.